Konokono wa Jaruba la Mama

Nilirudi Tabora na stashahada ya maabara niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza asali Dar es Salaam, na katika maabara ya vimelea ya chuo nilikoajiriwa hakuna aliyenishinda kwa darubini. Kwa hiyo wenzangu waliposema majaruba ya mpunga ya upande wa Kaliua yana kichocho, nilikataa. La mama yangu ni safi, nikasema, nimekulia humo.

"Tuletee konokono wake, fundi," mkuu wetu, dada mwenye maneno, akanitania.

Nikawaleta. Kila mmoja tukamtia kwenye kichupa cha maji na kumweka juani, maana mwanga ndio unaovitoa vimelea ndani yake. Kufikia saa tano, kichupa kimoja kilikuwa na kitu kama vumbi. Nikakiinamia kwa darubini. Vumbi lile lilikuwa linaogelea: mamia ya viumbe, kila kimoja na mkia wenye ncha mbili kama panda ya manati, vikipanda na kushuka bila kuchoka. Nimeona mengi, lakini pale nilisahau kupumua. Konokono mdogo kama punje ya mahindi alikuwa amebeba vimelea vyote vile vya kichocho.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama. Usiingie tena jarubani bila buti, lina kichocho."

"Marahaba. Jaruba hilo ndilo lililokulea. Wewe umeshajipima?"

Sikuwa nimejipima, miaka yote niliyowapima wengine. Saa sita mchana, wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo, nikachukua kopo la sampuli nikaelekea chooni.