Jina Kwenye Jeneza la Kioo

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa maji huko Isangi, tukamzika ndani ya nusu ya mtumbwi wake mwenyewe, na tangu siku ile nikaanza kujilisha. Shule iliishia hapo. Nawaambia haya kwanza mjue mimi si mjinga, nachonga majeneza hapa Kisangani tangu sijaota ndevu, lakini aibu iliyonipata ni ya mjinga kabisa.

Nilikuwa na jeneza moja la mti mgumu, lenye kidirisha cha kioo usoni (kazi yangu nzuri kuliko zote), nalo lilikaa likila vumbi, maana kila familia ilikwenda moja kwa moja kwenye yale ya mbao laini. Jirani yangu Kambale, mtu wa Butembo anayeuza sahani, akanicheka.

"Tonton, mutu anaogopa kuwa wa kwanza. Mimi naandikaga 'imeshachukuliwa' juu ya sahani moja, kesho yake wote wanataka ya vile."

Bon, nikachukua chaki na kwa herufi zangu zilizopinda nikaandika: YA PAPA BOLAMBA. Jina nililitoa hewani. Hata leo sijui lilitoka wapi.

Likafanya kazi kuliko nilivyotaka. Watu waliingia wakilia, wakasoma, wakanyamaza. "Kama wa Bolamba wanamulaza mule, sisi papa yetu tumuweke mu mbao ya banda ya kuku?" Hakuna aliyeuliza Bolamba ni nani. Niliwatazama wakigeuka wote upande mmoja, kama kuna mkono umewashika shingo, nikacheka, maana mkono ulikuwa wangu.

Alors, asubuhi moja wakashuka kwenye toleka, zile baiskeli za abiria, mzee mmoja mrefu aliyefiwa na dada yake, na binti yake. Mzee akanisalimu vizuri, akakaa. Binti akasoma ile chaki, akapiga yowe mpaka wauza samaki wakaacha visu.

"Papa! Jina yako!"

Kumbe Bolamba yuko, wa Yanonge, na hatujawahi kuonana. Soko likajaa mlangoni. Kwetu, kumwandika mtu aliye hai kwenye jeneza ni kumwita kaburini. "Ndoki! Mulozi! Nani alikutuma?" Mmoja alishatoa kiberiti, na duka langu ni mbao na vanishi tupu. Nikaeleza kwamba ni mbinu ya biashara, kama ya sahani (nilipomtafuta Kambale kwa macho, alikuwa anafunga duka lake).

Mzee hakupiga kelele. Akalipima jeneza kwa shubiri, kichwani mpaka miguuni, polepole.

"Iko urefu yangu," akasema.

Na mimi lile jeneza sikuwa nimempimia mtu yeyote.

"Futa. Andika ya mutu unamujua."

Nikafuta kwa shati. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ningeweza kumwandika bila kuchomwa. Nikaandika jina langu, mbio mbio hata nikaruka herufi, na binti akanisahihisha mbele ya soko zima.

"Usifute, usiuze," mzee akasema, akanunua la mbao laini, akaenda zake.

Nimelifunika turubai, nimelisukuma kwenye kona ya giza. Bure. Mteja akiingia, hata hajasalimu, anakwenda huko huko na kuinua turubai. "Hii ya nani?" Yangu. "Basi utufanyie kama hii." Chaki niliitupa mtoni, na sitamsukuma mtu tena hata kwa kidole, lakini wanasukumwa bila mimi.

Leo nina nyumba ya matofali huko Mangobo, karakana yenye bati jipya, mtumbwi wa mota, mbuzi kadhaa, na jeneza moja la kioo, lenye jina langu na urefu wa mtu mwingine.