Yudith Anajitetea

Ujumbe uliingia saa mbili usiku: "Mama, kesho saa nne najitetea mbele ya jopo, hapa Lushoto. Niombee." Baada ya hapo simu ya Yudith haikupatikana tena.

Evelina aliishia darasa la nne, lakini neno hilo alilijua. Alilisikia kwenye baraza la kata, siku shemeji yake alipoitwa kwa kung'oa masale, mimea ya mpaka wa shamba. Anayejitetea ameshtakiwa. Usiku kucha alikaa kando ya mafiga, akiyachambua maisha ya mwanawe kama anavyochambua maharage, atafute kosa limejificha wapi.

Hakuliona. Alimwona Yudith wa miaka tisa, hapo hapo kijijini Malindi, milimani Usambara, akipigilia vijiti shambani na kuvizungushia kamba ya katani, kisha akashangaa kwamba kamba ikikazwa, vijiti vya katikati haviguswi. Alimwona akishinda hesabu wilaya nzima, akienda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akibaki huko kufundisha, kisha akipelekwa Ulaya. Kila aliporudi, Evelina alimuuliza kazi yake ni nini hasa, naye alijibu kwamba anaifundisha kompyuta kupima maumbo. Safari hii alikuwa amerudi kupima vijia vya milimani, akapanga chumba Lushoto kwa sababu ya mtandao. Majirani waliposikia anasomea udaktari, mzee Abrahamu alikuja na goti lake. Yudith alimwambia kwa heshima kwamba goti hilo anaweza kulichora tu.

"Udaktari gani huo," Abrahamu alisema, "usiojua hata goti?"

Alfajiri Evelina alipanda pikipiki hadi Lukozi, akapata gari la Lushoto. Kwapani alibana bahasha ya kaki yenye vyeti vyote vya Yudith, kuanzia cha ubatizo na cha kipaimara, ili hao watu wajue wanamshtaki mtoto wa nani.

Kwenye jengo la chumba hicho, alilokuwa ameelekezwa na Yudith, mlinzi aitwaye Martin alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kama kesi ya Yudith imeshaanza. Martin alitaka kucheka, akaiona ile bahasha, akaacha.

"Mama, hajashtakiwa. Ameandika kitabu. Walimu wake wako kwenye kompyuta, mmoja Dar, wengine Ulaya. Wanamuuliza, naye anakitetea. Wakiridhika, ndiyo udaktari wenyewe. Wasiporidhika, miaka yote sita imekwenda."

Evelina alishusha pumzi, kisha akaivuta tena. Miaka sita. Alikaa kwenye benchi mbele ya mlango uliofungwa.

Ndani walizungumza Kiingereza. Hakuambulia kitu, ila sauti ya mwanawe aliifuata, na sauti hiyo haikutetemeka. Kisha mzee mmoja, bila shaka yule wa Dar, akasema aelezwe kwa Kiswahili chepesi huo umbali anaousema ni upi.

"Profesa," Yudith alijibu, "nyumbani kwetu ukisimama uani unaliona bomba la maji la ng'ambo. Ukiita, mtu wa kule anaitika. Kwenye ramani ndilo la karibu. Lakini kulifikia ni kushuka bonde na kupanda, saa nzima. Mama alinituma la nyuma ya kilima, ambalo ramani inasema ni la mbali. Nilipobisha, aliniuliza kama ndoo nitaibeba kwa macho. Kazi yangu ni kuifanya kompyuta ipime kama mama."

Evelina aliweka mkono mdomoni. Alikumbuka siku ile, alikuwa amechoka, na maneno yale aliyasema kumnyamazisha mtoto tu. Kumbe yalivuka bahari, yakaingia kitabuni, na sasa yalikuwa mbele ya wasomi wa nchi za watu.

Sauti za kwenye kompyuta zikazimika. Martin alinong'ona kwamba wameenda pembeni kushauriana. Evelina aliomba kwa Kishambaa, macho wazi, yameukodolea mlango.

Sauti ya mzee wa Dar ikarudi. Ikaita jina la Yudith, na safari hii mbele yake palikuwa na neno jingine: Dokta. Kiti kikaburuzwa. Mlango ukafunguka, Yudith akasimama pale, uso umelowa, akamwona mama yake na bahasha kifuani.

"Mama? Hivyo vyeti vya nini?"

"Ushahidi," Evelina alisema.