Pesa Zilizotoka Magodoroni

Mjomba wangu alikuwa fundi magodoro, na mtaa mzima ulimwita Pamba, kwa sababu hata akioga na kuvaa shati la kwenda msibani, hukukosa kumkuta na kinyuzi cha pamba sikioni au kwenye nyusi. Alifumua na kushona magodoro kwa miaka thelathini na minne. Najua wapo watakaosema hiyo si kazi ya kuandikiwa maisha ya mtu. Hao walale sakafuni wiki moja, kisha waje tuzungumze.

Kazi yake aliifanyia uani kwa mwenye godoro, mchana, mwenyewe akiwepo. Hakukubali hata siku moja kubeba godoro la mtu akalifumulie kwake. Akishatandika turubai na kutoa mkasi, aliuliza swali moja tu, "Kuna kitu humu?" kisha akageuka kutazama ukuta. Mwenye godoro alipenyeza mkono kwenye mshono, akatoa alichoficha, naye Mjomba hakuona kitu. Maana watu huficha, usidanganywe. Na kama mwenye kuficha alikuwa ameshakufa bila kusema, Mjomba aliwarudishia wenyewe kila alichokikuta, hata noti iliyotafunwa na panya. Mama mmoja muuza mkaa, jirani yetu, alikabidhiwa hivyo bunda ambalo marehemu mumewe hakuwahi kulitaja. Alilia, akamtukana marehemu, kisha akalia tena.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa na wimbo mmoja: pelekeni pesa benki. "Panya hana huruma, moto hauna huruma," alisema. "Benki kuna mlango wa chuma." Siku moja alinihadithia, bila kutaja jina, kwamba amefumua godoro la afisa wa benki na ndani yake mlikuwa na mabunda yaliyofungwa kwa mipira. Nikamwuliza, sasa mbona huyo analalia zake? Akacheka mpaka kifua kikambana. "Mwanangu, mpishi naye si huchoka na chakula chake?" Godoro lile lilimwambia ukweli mtupu, naye akalijaza pamba, akalishona, akaenda zake.

Kifua ndicho kilichokuwa kikimmaliza. Mimi nauza kwenye duka la dawa, na chupa za dawa ya kikohozi alizonunua Mjomba zingejaza kabati. Vumbi la pamba lilikuwa limemwingia miaka yote hiyo, na kitambaa nilichomshonea afunge puani alikitumia kufutia jasho. Mwishowe daktari alimwambia waziwazi: uache pamba, la sivyo hutafika mbali. Safari hiyo alisikia. Alipata chumba chenye mlango wa barabarani ambamo angeuza magodoro ya sponji yaliyokuja tayari yamefungwa kwenye nailoni, hayana vumbi wala sindano. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mjomba akaanza kuweka akiba, na kila aliponiona alinitajia miezi iliyobaki.

Sasa nifike kwenye kosa lake. Benki ilibandika tangazo kwamba mtu akiweka milioni kumi au zaidi kwa miaka miwili atapata riba mara mbili. Hakuna kwetu aliyekuwa na milioni kumi. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuwa na milioni nne za kutibiwa macho, kwani mtoto wa jicho alikuwa amemfunga yote mawili mpaka ananitambua kwa hatua. Muuza mkaa alikuwa na tatu na nusu. Fundi viatu wa pale kona alikuwa na tatu. Mjomba alikuwa na moja na nusu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akawaambia, nao wakampa zote aziweke kwa jina lake. Mtu ambaye hugeukia ukuta unapochokoa godoro lako, utamnyima nini? Aliandika mafungu yao kwenye daftari la shule, wakatia saini. Mama alitia dole gumba, kwa sababu mstari hakuuona.

Serikali ilikuwa imekopa mpaka wakopeshaji wakachoka. Sisi tulisikia hayo redioni kama mtu anavyosikia mvua ya mbali. Kisha Ijumaa moja jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, waziri akatangaza kwamba kila akaunti yenye zaidi ya milioni tano itakatwa sehemu moja ya kumi, mara moja tu, ili kuokoa taifa. Walio chini ya hapo hawataguswa. Na benki hazitafunguliwa mpaka Jumatano. Mwizi mwenye adabu namna hiyo sijapata kumsikia.

Jumamosi mashine za kutolea pesa zilikauka kabla ya saa tatu asubuhi. Mbele ya duka letu walipita watu wakigonga sufuria na mifuniko, wengine wamevaa suti, na nyuma yao alikuja mwalimu mstaafu ameshika kitabu chake cha benki juu kwa mikono miwili. Nilimjua, alikuwa akinunua dawa za presha kwetu. Polisi waliwasukuma hadi ng'ambo ya barabara. Mwalimu alianguka, akainuliwa, akaendelea kukishika kitabu vilevile juu. Nilifunga duka kwa hasira, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na cha kukatwa.

Mtaani kwetu hali ilikuwa nyingine. Fundi viatu alikuwa akicheka na misumari mdomoni. "Waache matajiri nao waonje," alisema. Na Mjomba, Mungu amrehemu, alipita nyumba hadi nyumba kuwatuliza watu. "Sisi wadogo hatuguswi. Mmesikia wenyewe, milioni tano kwenda juu." Alipofika kwetu, Mama akampa maji, akamwuliza mara mbili kama macho yake yako salama, naye akasema yako salama, Dada.

Mimi ndiye niliyeuliza. "Mjomba, ile akaunti si moja?"

"Moja."

"Na jina ni lako peke yako?"

Alikuwa ameinua kikombe. Hakunywa, wala hakukishusha. Nilimwona akijumlisha kimoyomoyo, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye kumi na mbili.

"Kila mtu kivyake alikuwa mdogo," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyetufanya matajiri."

Hadi jioni habari ilikuwa imeenea. Fundi viatu hakucheka tena. Alikuja mlangoni kwa Mjomba akamwambia maneno ambayo sitayaandika, na watu waliorudishiwa pesa zao na mtu huyo kwa miaka thelathini walisimama wakasikiliza. Muuza mkaa alikaa chini kwenye kizingiti, akasema tu, "Afadhali panya." Mama hakulaumu. Alisema macho yake yamezoea giza, yatangoja. Hilo ndilo lililomuumiza Mjomba kuliko matusi yote.

Jumatano benki zilipofunguliwa alikwenda na daftari lake la shule. Alipanga foleni siku hiyo, na Alhamisi, na Ijumaa. Nilitaka kumsindikiza akakataa, akasema duka halijiuzi. Ijumaa alasiri alirudi akitabasamu, shati limelowa jasho, akatuita wote uani kwake. "Wameelewa," alisema. "Nimewaonyesha daftari, meneja akalisoma mstari kwa mstari. Wakasema hizi ni za watu wanne, hazikatwi. Wamenirudishia, na ile miaka miwili wameifuta." Akampa kila mtu lake, kamili, bila kupungua hata senti. Fundi viatu alitaka kupiga magoti, Mjomba akamzuia. "Kumbe serikali ina utu," fundi viatu alisema, na siku zote alizoishi baada ya hapo alikuwa mtetezi wao mkubwa pale kona.

Mama akapasuliwa jicho la kwanza mwezi uliofuata. La pili lilipangiwa baada ya miezi mitatu.

Katikati ya miezi hiyo nilipita penye kile chumba cha barabarani, nikakuta kijana anauza simu. Nikamwuliza mwenye nyumba mbona amekitoa. Akanitazama kwa mshangao. "Mjomba wako hakukwambia? Alikuja akasema nisimngojee, pesa yake imekwenda kwenye makato ya serikali." Niliondoka pale bila kuaga. Fungu la Mjomba ndilo lililokuwa dogo kuliko yote, na lilitosha kuziba pengo letu sote, likambakishia laki tatu.

Nilimkuta kwenye ua wa watu, ameinama juu ya turubai, anachapa pamba kwa fimbo mbili, vumbi limemzunguka mpaka miguu yake haionekani vizuri. Nilimvuta kando. Nilimfokea, sifichi. Nilimwambia ameiba maisha yake mwenyewe. Nilimwambia nitakwenda kwa muuza mkaa na kwa yule mpumbavu wa viatu, kila mmoja atoe sehemu yake, na Mama pia.

Alikohoa kwanza, akaegemea ukuta. "Mama yako ana jicho moja bado," alisema. "Unamjua. Akijua, hataenda."

"Na kifua chako?"

"Walinipa wakiwa hawaoni ninakoziweka, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema ziwekwe pamoja." Akanishika kiganja. "Nyamaza mpaka lipone hilo la pili. Baadaye utasema unavyotaka."

Nikanyamaza. Ndiyo kosa langu mimi, na silitupi kwa mtu. Dawa nilimpa bure, nikajidanganya kuwa dawa inatosha. Mama alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili, Mjomba alikuja kumpongeza na mkungu wa ndizi begani, na mimi niliona Mama akimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha tena juu.

"Umekonda hivi tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuniona, Dada," akasema, wakacheka wote wawili. Mwaka haukuisha. Aliaga dunia Jumanne asubuhi, akiwa ameketi, kwa sababu kulala chali alikuwa hawezi tena. Fundi viatu alizungumza makaburini, akasema huyu ndiye mtu aliyeiamsha serikali ikawahurumia maskini, na watu wakaitikia. Nilikuwa nimefungua mdomo. Mama alikuwa kando yangu, ananitazama usoni kwa yale macho yaliyopona, na nikaufunga.

Nilijiambia nitasema baada ya msiba, kisha baada ya arobaini, na sasa ni miaka sita. Watu wengine bado wanadai mahakamani walichokatwa. Yule mwalimu mstaafu alifariki kesi ikiwa haijatajwa. Juzi Mama alikuwa amekaa dirishani, ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe bila miwani, gazeti liko mapajani amelisoma lote. Akanisomea habari ya kesi hiyo, akasikitika.

"Maskini hao hawajapata hata senti," alisema. "Sisi angalau walituonea huruma. Serikali ile ilikuwa na utu kidogo, au siyo?"

Alikuwa akinitazama, anangoja jibu.

"Ndiyo, Mama," nikasema.