Bangili ya Hospitali Ilipanda Ngazi, Mimi Nimelala

Hospitali walinipigia simu kunipongeza kwa kupanda ngazi.

Jamani, siku hiyo hata chooni nilikwenda kwa kushikwa mkono. Na nyumba yangu haina ngazi.

Mapafu yalikuwa yamenilemea. Wodi imejaa, wakaniambia, "Bibi, tutakutibia nyumbani." Wakaleta mtungi wa oksijeni, wakanifunga bangili inayopima pumzi, mapigo na mwendo, ikiwapelekea habari kule kule. Muuguzi akawa anakuja kunichoma sindano. Mwanadada yule hupasha viganja moto kabla ya kunigusa. Sitamsahau.

Sharti lilikuwa moja: nisiachwe peke yangu. Binti yangu, kitinda mimba, akasema, "Mama nitamuuguza mimi." Nilimwombea dua mpaka machozi.

Sasa daktari kwenye simu anasema, "Hongera bibi! Pumzi iko safi. Kesho tunakuja kuchukua mtungi."

"Daktari, labda nimetembea ndotoni."

Binti akanipokonya simu, anacheka. "Msamehe, daktari. Mama siku hizi anasahau!"

Nikajiuliza, au uzee umeanza kuniibia akili?

Kesho yake muuguzi akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtungi wenyewe ule pale."

Alipokuwa anaufungua, nikaona nimsifu binti yangu, asikie naye yuko mlangoni.

"Huyu ana huruma, we! Kila asubuhi ananivua hii bangili, ananipangusa mkono nisiote vipele. Anaondoka nayo kuisafisha, hata nikisinzia hanisumbui. Nikiamka ninayo."

Muuguzi akaacha mtungi.

"Anaondoka nayo?"

Akatoa kipimo chake mfukoni, akanibana kidole. Akakitazama. Akanirudishia mpira wa oksijeni puani, upesi, kisha akamgeukia binti.

"Dada, ngazi alipanda nani?"

Binti akaangua kilio.

"Za ofisini! Nilikwenda nimeivaa mimi, kumwomba bosi aniongezee ruhusa, akakataa. Nisiporudi Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Na ninyi mmesema mgonjwa haachwi. Nikaona akionekana amepona..."

"Akionekana kwa nani?" muuguzi akamuuliza. "Mtungi ungeondoka leo. Bibi usiku asingeumaliza."

"Mama, nilijua utapona tu."

Nikamtazama mtoto niliyemnyonyesha. Pumzi yenyewe ya shida, lakini maneno yalitoka.

"Ungeniambia umechoka, mwanangu. Ningeomba mwenyewe nirudishwe wodini. Lakini ukaniita msahaulifu, nami nikakuamini wewe kuliko kifua changu."

Nilirudishwa wodini mchana ule ule. Wakanifunga bangili nyingine.

Jumapili akaja kuniona. Akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akanyoosha mkono anipanguse chini ya bangili, kama zamani.

Nikauficha mkono wangu chini ya shuka.

Nimemsamehe, mtoto hatupwi. Lakini mkono ulijificha wenyewe.

Wenye wagonjwa nyumbani, nawasihi mimi bibi yenu: mgonjwa wa nyumbani hana kengele ya kubonyeza, kengele yake ni wewe. Ukichoka, sema umechoka. Uchovu wako ataubeba. Kuambiwa mzima huku pumzi inakatika, hakubebeki.