Nani Atasimamisha Treni?

Jumamosi nilimpeleka binti yangu kwenye mtihani wa Kiingereza, katika jengo linalopakana na reli ya Gare du Midi, stesheni kubwa ya treni hapa Brussels. Mbele yetu, kwenye meza ya kujiandikisha, alisimama msichana wa sekondari kutoka China, amebana vidole mpaka vimekuwa vyeupe.

"Wakati wa sehemu ya kusikiliza," alimuuliza msimamizi kwa Kiingereza, "treni zitasimama?" Kwao, alieleza, mtihani wa taifa ukifika sehemu hiyo hata magari hayapigi honi.

Msimamizi, mzee wa Kikongo, alinigeukia kwa Kiswahili cha kwao: "Maman, huyu mutoto anataka bafunge gare. Alors, nitapigia nani?"

Sikucheka. Binti yangu naye alishaanza kuchungulia reli dirishani. Hofu ya mtihani huambukiza kuliko mafua.

Kupitia kioo cha mlango niliwaona watahiniwa wameinama, kanda ya kusikiliza imeanza, mara sakafu ikatikisika. Msichana akafumba macho. Yule mzee akakimbilia dirishani, akaliegemea kwa mgongo, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia wezi.

Treni ilipita, bila shaka. Brussels hainyamazii mtoto wa mtu. Ila niliposhtuka, nami nilikuwa nimeweka viganja vyote viwili ukutani, nasukuma.