Exilda Asiyetambulika

Wifi yangu Exilda amekata nyama katika duka la ushirika la hapa Belle-Anse tangu ujana wake. Ukimwona nyuma ya kaunta na aproni yake nyeupe, kimya, anakupimia mbavu za nguruwe, utasema huyu mama hana hata chembe ya wazimu. Subiri Kwaresima ifike katikati. Hapo ndipo utanihurumia mimi niliyeolewa na kaka yake.

Sisi wa pwani hii ya Cape Breton tunafunga nyama kwenye Kwaresima, kucheka hatufungi. Wiki ya katikati, ambayo tunaiita Mi-Carême, kila jioni tunavaa vinyago kuanzia utosini hadi unyayoni na kuingia nyumba za watu bila kualikwa. Mwenye nyumba anakuzunguka, anakutekenya, anakuuliza maswali nawe unajibu kwa miguno, kisha anakutajia jina. Ana ruhusa ya jina moja tu kwa kila kinyago. Akipatia, unavua mbele za watu, jasho tele, nywele zimelala kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akikosa, unaondoka na siri yako. Hakuna zawadi wala kombe, lakini mtu aliyetoka nyumba zote bila kutambuliwa anatembea kifua mbele mpaka kiangazi.

Mimi hutambulika kabla sijakung'uta theluji kwenye buti. Nina kicheko kinachonitangulia mlangoni. Exilda, yeye, hajatambuliwa hata mara moja katika maisha yake, na nyumba zote zinajua yumo kundini, maana nikiwapo mimi naye yupo. Kazi ni kujua ni yupi.

Gari lake hulala nje majira yote ya baridi kwa sababu gereji ni ya vinyago. Trei za mayai, mapazia ya marehemu mama yake, manyoya ya kondoo, mabomba ya jiko, huyo hatupi kitu. Amewahi kuwa jokofu, ukilifungua taa inawaka. Mwaka mwingine alitengeneza mtu wa matambara aliyevaa suti, akatembea naye mkono kwa mkono, na watu wakaacha kumwangalia Exilda wakahangaika na yule wa matambara. Walimtekenya, wakamtukania mama yake, wakasema ni jeuri kweli huyu hata haguni. Kaka yake, yaani mume wangu mimi, aliapa kwamba anaijua ile mikono. Zilikuwa glavu zake mwenyewe.

Sasa Placide. Jina lake kamili ni Placide wa Joe wa Hyacinthe, maana kwetu majina ya ukoo ni machache na usipomtaja mtu kwa baba na babu yake utaitikiwa na watu tisa. Anaendesha gari la kukwangua theluji, na kwenye dansi za ukumbi wa parokia ndiye mpiga fidla. Tena hakuna kinyago kinachompita. Anatambua watu kwa mwendo, kwa mabega, kwa namna mtu anavyovuta pumzi. Hata padri wetu, Baba Anselme, Placide alimtambua kwa magoti.

Usiku mmoja, miaka mingi nyuma, dansi ikiwa imepamba moto, Placide aliteremka jukwaani na fidla kwapani, akasimama mbele ya wifi yangu, watu wote wanasikia.

"Exilda," akasema, "wewe unawasha jiko lako, mimi nawasha langu. Kuni zinateketea bure. Unaonaje?"

Exilda akawa mwekundu hadi masikioni. Hajazoea kuangaliwa usoni, yule. Maisha yake yote anaangaliwa akiwa jokofu. Akaropoka la kwanza lililomjia: "Siku utakayonitambua ndani ya kinyago, nitakuja kuwasha lako."

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Nani asiyetambuliwa na Placide? Mimi nilianza kuwaza gauni siku ileile.

Mi-Carême ikafika, Exilda akaja nyumbani kwa Placide akiwa tita la majani makavu. Placide akamzunguka, akakuna kichwa, akasema, "Huyu ni Wilfrid." Jamani, Wilfrid alikuwa amelazwa, amepasuliwa ngiri, na aliyempeleka hospitali ni Placide mwenyewe. Mwaka uliofuata Exilda akaja taa ya kanisani ya kuning'inia, vioo vinagongana kila akipumua, na Placide akasema ni mke wa Wilfrid, ambaye alikuwa amesimama pale pale anakata keki. Ikawa hivyo kila mwaka. Vinyago vingine vyote anavipatia bila hata kuinuka kitini, akifika kwa wifi yangu anapayuka. Watu wakasema maskini, mapenzi yamempofusha.

Na Exilda? Akitoka kwa Placide alikuwa anaruka. Sisemi kwa mfano, naapa, anaruka, miguu yote miwili juu, barabara nzima mpaka darajani, na vioo au majani yanaruka naye. Kumshinda Placide si mchezo. Lakini miaka ya karibuni nilianza kumwona, kabla ya kuruka, anageuka kwanza kulitazama dirisha la yule bwana.

Mwaka huu nilimkuta gerejini anakunywa chai yake. Anaitia shira nyeusi, kama mama yake alivyokunywa. Kijiji kizima tulihamia sukari tangu zamani, yeye hasikii. Mimi naiita chai ya lami.

"Wifi," nikamwambia, "Léontine, mjane wa kule ng'ambo ya daraja, ameanza kumpelekea Placide pai."

"Pai ya nini?"

"Ya tufaha. Mara mbili wiki hii. Na Placide si mtu wa kukataa pai."

Akaendelea kushona, lakini sindano ikawa inaingia kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

"Unamtaka humtaki?" nikamuuliza.

"Nilishasema neno langu mbele ya watu."

"Basi mwache akutambue. Acha hata mkono nje. Mikono yako ya kukata nyama nani asiyeijua?"

"Niende kwa watu na mkono nje?" Akaniangalia kana kwamba nimemwambia aende uchi. "Na kazi yangu?"

"Mficha uchi hazai, wifi."

"Nina miaka sitini na mbili, Bibiane. Nizae nini?"

Hata hivyo alijaribu, nimshuhudie. Alikata tundu dogo ubavuni mwa kinyago ili mkono uonekane. Nilipopita asubuhi yake, lilikuwa limezibwa, na juu yake ameshona ua. Aliona haya kunitazama. Alimtaka Placide, alimtaka kweli, na bado hakuweza kutengeneza kinyago kibovu. Nilimkasirikia na nikamwonea huruma papo hapo.

Kinyago chenyewe kilikuwa kitanda. Kitanda kizima kilichosimama wima, na mbao za kichwani, na blanketi la viraka, na mito miwili yenye vichwa viwili vya bandia vilivyolala, kimoja kinakoroma ukivuta uzi. Yeye mwenyewe alikuwa katikati, nyuma ya kipande cha lesi. Mimi nikapewa kuwa lile bakuli la kukojolea linalokaa uvunguni. Wifi wa watu. Nilivaa, nitafanyaje.

Jikoni kwa Placide tulijaa vinyago hata jiko halionekani. Baba Anselme alikuwa amekaa pembeni bila kinyago, sahani ya keki magotini. Placide, kama kawaida yake, alitugawia chai kwanza, kikombe kimoja kimoja kwa mkono wake na mrija wake, maana ndani ya kinyago huwezi kunywa vinginevyo. Kisha akaanza.

"Bibiane wa Médéric, vua hilo bakuli, kicheko chako nimekisikia tangu getini."

Nikavua. Akawataja wanne watano wengine, tena mmoja akiwa amempa mgongo. Kisha akafika kwenye kitanda. Alikizunguka polepole, akavuta uzi, kichwa kikakoroma, watu wakavunjika mbavu. Akasimama mbele ya ile lesi, akainama kidogo, akakaa pale muda ambao mimi niliona mrefu mno. Nikamwambia Mungu, jamani, leo tu.

"Huyu," Placide akasema, "ni Baba Anselme."

Baba Anselme akapaliwa na keki. Watu wakapiga meza kwa kucheka. Mimi sikucheka, na kwangu hilo ni ugonjwa.

Tukatoka. Exilda hakuruka. Alisimama getini na kitanda chake, theluji inaangukia mito, akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Angalau chai yake ni chai. Hii ndiyo nyumba pekee iliyobaki kijijini inayokupa shira."

"Shira ipi?" nikamuuliza.

"Hiyo ya kwenye chai."

"Wifi, chai yangu ilikuwa na sukari."

"Labda leo shira imemwishia."

"Mimi nakunywa chai ya Placide kila mwaka na sijawahi kuonja shira humo."

Nikamgeukia aliye karibu, aliyekuwa jogoo. "Wewe, chai yako ilikuwa na nini?"

"Sukari," jogoo akasema.

"Na wewe?"

"Sukari na maziwa."

"Yangu haikuwa na kitu," akasema mwingine kutoka ndani ya pipa. "Mchoyo yule."

Exilda alinishika bega, na ule mkono wake ukanifinya hadi mfupani. "Kila mwaka," akasema. "Bibiane, kila mwaka. Majani, taa, jokofu. Kila mwaka nimepewa shira."

Akageuka. Hujaona kitanda kinapanda kilima kwa hasira kama kile. Tulimfuata mbio, jogoo na pipa na mimi. Kwenye mlango wa Placide alisahau kugeuka ubavu, mbao za kichwani zikakwama, akanasa pale, nusu ndani nusu nje, baridi yote inaingia.

"Placide wa Joe wa Hyacinthe," akasema. "Mimi ni nani?"

Placide alikuwa anakusanya vikombe. Akaviweka chini. "Nimeshatumia jina langu moja," akasema. "Sheria ni sheria."

"Usinitanie. Ulikuwa unajua."

"Najua nini?"

"Shira, Placide."

Hapo yule bwana akakosa pa kuweka mikono. Alijipangusa kwa kitambaa cha vyombo, mikono ikiwa mikavu. "Ningekupa sukari usingemaliza," akasema. "Hupendi sukari."

"Tangu mwaka gani?"

"Tangu majani makavu."

Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta kamasi. Ni lile pipa.

"Umeniacha," Exilda akasema, "umeniacha nizeeke nawasha jiko langu peke yangu, na ulikuwa unajua? Kwa nini hukunitaja?"

"Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na jina lako mdomoni," Placide akasema. "Nikasema ngoja, nimtanie kidogo, nitamtaja kesho. Nikataja Wilfrid. Ukatoka. Nikaenda dirishani nikakuona unaruka mpaka darajani. Sijawahi kuona mtu mzima ana furaha namna ile. Mwaka uliofuata nikasema, leo namtaja. Nikakumbuka utarudi nyumbani unatembea. Sikuweza, Exilda. Kila mwaka sikuweza. Nilikuwa nasubiri mwaka ambao hutaruka."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ndivyo wanavyosema, na huyu aliyaficha miaka yote kwa kijiko cha shira.

"Basi kumbe mimi si fundi," Exilda akasema. Huyo ndiye wifi yangu. Mwanamume anamwambia maneno kama yale, yeye anawaza kazi.

"Uliza kijiji kizima kama kuna aliyewahi kukutambua," Placide akasema. "Hakuna. Ni mimi peke yangu."

Kitanda kilifikiri. Kisha kikasema, "Leo sikuruka."

"Nimeona. Nilikuwa dirishani."

"Basi sema."

"Exilda wa Thaddée wa Marcellin," Placide akasema, "vua."

Hakuweza kuvua kwa sababu alikuwa amenasa. Ilibidi jogoo na mimi tusukume kwa nje na Placide avute kwa ndani, na mbao zilipoachia tuliangukia wote jikoni, vichwa vya bandia vikikoroma vyenyewe. Exilda akaibuka kwenye lesi mwekundu, nywele zimelala, analia na kucheka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaachia watu wamtazame usoni. Placide akamuuliza kama anataka chai nyingine. Akasema ndiyo, ila kijiko kiwe kamili safari hii, miaka yote alikuwa anapunja.

Baadaye Placide alisema anamsindikiza hadi nyumbani. Alimsaidia kuvaa kitanda tena, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine ya kukibeba, wakatoka. Sisi wote tukakimbilia dirishani, tukasukumana. Walitembea kwa adabu mpaka karibu na barabara. Kisha kitanda kikaruka. Placide akakitazama. Kisha Placide naye, na magoti yake ya uzee, akaruka, na wakaenda hivyo hivyo, mmoja juu mwingine chini, hadi darajani. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni na kulia.

Baba Anselme alikuwa bado na sahani yake. Akasema harusi tuipange baada ya Pasaka, maana kitanda tayari wanacho.