Zeze Lililong'aa

Wateja wakiingia studio yangu ya picha hapa Mtendeni, macho yao huanzia ukutani, kwenye picha kubwa ya zeze. "Hii kali, bro," vijana husema. Nawashukuru, kisha nawauliza wanataka pasipoti ngapi. Sipendi kuieleza.

Zeze lenyewe ni la mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, mkulima wa Lusu kule Nzega. Halina makuu: fimbo, kibuyu, waya mmoja wa breki ya baiskeli, na upinde wa kuusugulia. Lakini nyumbani kwa mjomba binti haendi kuolewa hivi hivi. Mjomba hukaa kizingitini akalipiga zeze, na bibi harusi hatoki ndani mpaka alisikie. Mama yangu alitolewa hivyo, na binti zake mjomba wote wanne. Mwaka jana ilifika zamu ya mjukuu wake wa mwisho, aliyemlea yeye tangu mtoto alipoachishwa ziwa, nami nikaitwa kupiga picha.

Nilifika asubuhi. Kabla watu hawajajaa, niliamua kulipiga picha zeze peke yake. Nilitandika kitenge cheusi kwenye benchi karibu na dirisha, mwanga ukaingia kwa ubavu, vizuri kabisa. Tatizo likawa zeze. Lenzi haisitiri kitu. Kibuyu kilikuwa na vumbi, na ubavuni kumegandia donge jeusi, la kuchukiza. Nilikereka. Mtu mzima, nikawaza, anaachaje chombo chake katika hali hii? Basi ujuaji ukanipanda. Nilichukua kisu cha jikoni nikalikwangua lile donge mpaka likaisha, nikalirusha nje dirishani. Kisha nikalowesha kitambaa kwa mafuta ya alizeti, nikafuta kibuyu, fimbo, na waya nao. Zeze liling'aa. Nasema kweli, sijawahi kupata picha nzuri kama ile.

Saa saba mchana wakwe walikuwa wameshakula na gari lao limegeuzwa kuelekea barabarani. Mjomba alikaa kizingitini, akaliweka zeze begani, akavuta upinde. Kimya. Akavuta tena. Upinde uliteleza juu ya waya kama kidole kwenye sahani yenye mafuta. Aliupeleka ubavuni mwa kibuyu, kwa mazoea, akakuta patupu. Akapapasa kwa kidole gumba.

"Nani kautoa utomvu wangu?"

Lile donge lilikuwa utomvu wa mti, ambao mpigaji huusugulia upinde ili ushike waya. Bila huo zeze halina sauti. Nami nimepiga picha za harusi miaka yote hii, nimewaona wapiga mazeze wangapi, na sikuwahi kuuliza.

"Ni mimi, mjomba. Nilidhani uchafu."

Hakunifokea, na heri angefoka. "Umeutupa wapi?"

Nilitoka mbio hadi chini ya dirisha. Uwanja ulikuwa umefagiwa, taka zimesukumwa hadi nyuma ya jiko, na kuku walikuwa juu yake wanachakura. Nikapiga magoti na suruali yangu ya suti. Nyuma yangu nilimsikia mshenga wa wakwe.

"Mzee wetu, kwa heshima zote, safari ni ndefu. Zeze litapigwa siku nyingine."

"Ndiyo, mwanangu," mjomba alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa.

Bibi harusi akasema kutoka ndani, "Guku, mimi sitoki." Guku ndiyo babu kwetu. "Sitoki mpaka nilisikie."

Wakwe wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti kwamba binti ana kiburi. Dereva akawasha gari. Nilichambua maganda na majivu kwa vidole, namfukuza kuku, namlaani, najilaani mwenyewe, mpaka nikaona kipande cheusi. Kisha cha pili. Vilipotimia vinne, kila kimoja kama punje ya mahindi, nilimpelekea mjomba kwa mikono miwili.

Aliagiza kaa la moto. Aliusugua waya kwa majivu mpaka mng'ao wa mafuta ukafifia, akalainisha vile vipande juu ya kaa, akavibandika pale pale kwenye kovu nililoliacha, akausugulia upinde. Sauti ya kwanza ilikuwa mkwaruzo tu, na mshenga akatazama saa. Ya pili ilitoka ya chini, ya kukauka, lakini ilikuwa ya zeze. Mlango ukafunguka. Yule binti alitoka analia, akaweka kiganja begani kwa babu yake, akasimama hapo mpaka wimbo ulipokwisha. Na mimi nililia. Kamera ilining'inia kifuani, vidole vyangu vimejaa majivu na utomvu, na sikuthubutu kuigusa.

Kwa hiyo picha ya zeze ninayo moja tu, ile ya asubuhi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilichapisha nakala mbili, moja nikaitia fremu nikampelekea mjomba Lusu. Aliishika karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Hakuwa na mzaha hata kidogo.

"Zeze zuri, mpwa wangu," alisema. "Ni la nani?"